Kung'arisha bila Kufuta: Uteuzi wa Vijazio vya Kusugulia Chupa Kongwe za Kioo na Hatima ya Ushahidi wa Kihistoria Songea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vitu vinavyotumika kusugua na kung'arisha vitu vigumu kwa kuvizungusha, ili kujibu swali la kiutendaji linalogusa urithi wa Songea na mkoa wa Ruvuma kwa jumla: chupa kongwe ya kioo iliyoingiwa na ukungu isuguliwe kwa kitu gani, na kwa kiasi gani? Hoja inayojengwa ni kwamba uteuzi wa kijazio ni uamuzi wa kihistoria kabla ya kuwa uamuzi wa kiufundi. Kijazio kisichofaa hufuta kwanza alama za matumizi ya wenyeji na kuacha maandishi ya kiwanda cha ng'ambo. Makala yanapendekeza vipande vya shaba pamoja na unga laini wa oksidi ya aluminiamu, vitumike katika maji na kwa mwendo wa polepole, kwa chupa zisizo na muktadha peke yake.

Utangulizi

Songea ni mji unaojua gharama ya ushahidi uliopotea. Tarehe 27 Februari 1906 utawala wa Kijerumani uliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umeendelea kukitafuta. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba radhi na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia katika utafutaji huo. Ugumu wa kazi ya namna hiyo hautokani na umbali peke yake. Unatokana pia na vitu vya kale kutenganishwa na maelezo yake, yaani mahali vilipotoka, siku vilipochukuliwa na mikono iliyovipitisha.

Kutoka katika msiba huo hadi kwenye chupa tupu ya kioo ni mbali, na makala haya hayakusudii kuvipima katika mizani moja. Kinacholingana ni kanuni tu. Kitu cha kale husema kwa alama zilizo juu yake na kwa habari za mahali kilipopatikana. Alama zikifutika na habari zikipotea, kitu hubaki lakini ushahidi huondoka. Kwa chupa, alama hizo zimo katika ngozi nyembamba ya nje, na ngozi hiyo ndiyo inayosuguliwa.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa. Vijazio ni vipande vidogo vinavyotiwa ndani ya chupa, na pia katika pipa linaloizunguka, ili chupa inapozungushwa vipande hivyo viteleze juu ya kioo na kukisugua. Unga wa msasa ni chembe kali zinazobebwa na vijazio na kukata uso wa kioo. Unga wa kung'arishia ni chembe laini zaidi zinazorudisha mng'ao baada ya kukatwa. Jina la msasa lenyewe linakumbusha kwamba maarifa ya kusugua hayakuja na viwanda: mafundi seremala wa Afrika Mashariki walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa kabla karatasi ya dukani haijapewa jina la mti huo.

Neno "salama" nalo linatumika hapa kwa maana tatu: usalama wa mapafu na ngozi ya anayesugua, usalama wa chupa dhidi ya kupasuka na kuchubuka, na usalama wa ushahidi uliomo katika chupa. Maelekezo ya kawaida ya ufundi huzingatia maana mbili za mwanzo. Makala haya yanadai kwamba maana ya tatu ndiyo inayopaswa kutangulia.

Kioo kilivyofika Songea

Kioo kilikuwa bidhaa ya safari katika ukanda wa kusini muda mrefu kabla ya ukoloni. Uchimbuaji ulioongozwa na Neville Chittick katika Kilwa Kisiwani uliibua shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Katika karne ya 19 njia za misafara zilizounganisha Kilwa na Ziwa Nyasa zilipitisha nguo, shanga na bunduki kuelekea bara, na pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani. Eneo la Wangoni lilikuwa sehemu ya mtandao huo.

Chupa ziliongezeka baada ya Wajerumani kuweka kituo chao cha kijeshi Songea mwaka 1897, na baada ya wamisionari Wabenediktini kufungua misheni ya Peramiho, magharibi ya mji, mwaka 1898. Kituo cha askari kilihitaji dawa na vinywaji. Misheni ilihitaji dawa pia, na misa haiadhimishwi bila divai. Hapakuwa na reli iliyofika Songea, na mizigo kutoka pwani ilibebwa na wapagazi. Kila chupa iliyofika salama katika miaka hiyo ilikuwa imebebwa na mwili wa mtu kwa siku nyingi za mwendo.

Kwa sababu hiyo chupa tupu haikuwa taka. Ilipokwisha kumaliza kazi iliyoletewa, ilianza maisha mapya kama chombo cha mafuta, asali, samli au dawa ya mitishamba. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha chupa wakati huo. Kiwanda cha Kioo Limited cha Dar es Salaam ni cha miaka ya 1960. Chupa moja iliweza kutumika kwa muda mrefu katika nyumba moja baada ya nyingine, na matumizi hayo yaliacha alama. Kitako kilichowekwa na kuinuliwa mara nyingi juu ya jiwe au sakafu ya udongo hupata duara la mikwaruzo myembamba. Mdomo uliozibwa na kuzibuliwa kwa vizibo vya kuchongwa hupata michubuko yake.

Alama nyingine ni za kiwandani, nazo zina thamani ya pekee kwa kipindi kinachohusika hapa. Utawala wa Kijerumani Songea ulidumu kuanzia 1897 hadi majeshi ya Waingereza yalipouteka mji mwaka 1916. Katikati ya miaka hiyo utengenezaji wa chupa duniani ulibadilika. Michael Owens wa Marekani alipata hataza ya mashine yake ya kutengeneza chupa mwaka 1904. Kabla ya mashine hiyo, mwili wa chupa ulipulizwa katika kalibu lakini mdomo ulimaliziwa kwa mkono, hivyo mshono wa kalibu kwa kawaida ulikoma shingoni. Katika chupa ya mashine mshono hupanda hadi juu ya mdomo, na mara nyingi kitako huwa na kovu la duara lililoachwa na kisu cha mashine. Ufundi wa mkono uliendelea Ulaya kwa miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo mshono peke yake hautoi tarehe kamili. Hata hivyo ni miongoni mwa dalili za kwanza ambazo mtafiti huzitazama. Mshono huo ni mwinuko mdogo unaoweza kuhisiwa kwa ukucha, na unga mkali wa msasa unaweza kuusawazisha kabisa.

Ukungu wa kioo na kazi ya maji

Uteuzi wa kijazio hautaeleweka bila kueleza kinachoondolewa. Kioo cha chupa za kawaida hutengenezwa kwa mchanga wa silika, soda na chokaa. Chupa inapokaa ardhini, unyevu huvuta polepole chembe za sodiamu kutoka katika uso wake na kuacha tabaka lenye silika nyingi. Tabaka hilo hukauka, hupasuka na kutengana katika utando mmoja juu ya mwingine. Mwanga unapopita kati ya tando hizo hutoa rangi za upinde wa mvua; tando zinapoongezeka, kioo huonekana cheupe kama kilichopakwa maziwa. Ukungu wa namna hii si uchafu uliobandikwa juu ya kioo. Ni kioo chenyewe kilichogeuka.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Udongo, chumvi na masizi vinaweza kuondolewa kwa maji, sabuni laini na brashi. Ukungu wa kioo hauondoki kwa kuoshwa, kwa kuwa hakuna kitu cha kuosha. Unaweza kukatwa tu, na kuukata ni kupunguza unene wa chupa. Kila kung'arisha kwa vijazio ni hasara inayokubaliwa kwa kubadilishana na uangavu. Swali la mtafiti ni kama kinachopatikana kinalingana na kinachotolewa.

Aidha, tabaka hilo ni kumbukumbu ya mahali. Chupa iliyolala nusu katika udongo wenye maji na nusu juu yake huonyesha mstari kati ya sehemu mbili. Chupa iliyokaa darini haina ukungu wa aina hiyo. Akiambiwa kwamba chupa fulani imerithiwa nyumbani tangu zama za Wajerumani, mtafiti anaweza kupima simulizi hiyo kwa kutazama uso wa kioo. Chupa iliyokwisha kung'arishwa haiwezi tena kuulizwa swali hilo.

Kutoka mfuko wa ngozi hadi pipa la mota

Ufundi wa kung'arisha vitu vigumu kwa kuvizungusha pamoja una historia inayoigusa pwani ya Waswahili. Mji wa Khambhat, Gujarati, ulikuwa kwa karne nyingi kitovu cha shanga za akiki, na shanga hizo zilifika katika miji ya pwani ikiwemo Kilwa. Katika utaratibu wa zamani, shanga zilizokwisha kuchongwa zilitiwa ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga mkali. Watu wawili waliokaa wakitazamana waliuviringisha mfuko huo huku na huku kwa siku nyingi mfululizo, mpaka shanga zikang'aa. Watafiti Kuldeep Bhan, Massimo Vidale na Jonathan Mark Kenoyer wameuchunguza ufundi wa Khambhat kwa kina, na kazi yao inaonyesha jinsi mapipa ya mota yalivyochukua nafasi ya mfuko.

Mfuko wa Khambhat ulikuwa tayari na mambo manne yanayohitajika leo: chombo kinachozunguka, maji, unga wa kukata na muda mrefu. Karne ya 19 na ya 20 zilibadilisha unga zaidi kuliko kanuni. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliweka mizani ya ugumu wa madini yenye ngazi 10, ambayo iliwezesha mafundi kulinganisha kinachokata na kinachokatwa. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alitengeneza kabidi ya silikoni katika tanuru la umeme, na dunia ikapata unga mkali wa bei nafuu ambao haukutegemea machimbo. Katika karne ya 20 oksidi ya seriamu ilichukua nafasi ya unga mwekundu wa oksidi ya chuma katika ung'arishaji wa lenzi na kioo cha thamani.

Kwa chupa palikuwa na tatizo lililoukabili kila mtu aliyetaka kuisafisha: upande wa ndani haufikiwi na mkono. Huko Ulaya wasafishaji wa chupa walitia punje ndogo za risasi pamoja na maji na kutikisa. Punje zilisugua vizuri kwa kuwa ni nzito na laini kuliko kioo. Lakini zilizonasa katika kitako zilibaki humo, na divai iliyotiwa baadaye ikaziyeyusha kidogo kidogo hadi kwa mnywaji. Huu ni mfano wa mapema wa kijazio kilichofanya kazi ambayo mtumiaji aliiona, na madhara ambayo hakuyaona.

Usalama wa anayesugua

Historia ya Khambhat ina upande wa pili. Akiki ni silika, na vumbi lake likivutwa kwa miaka hujenga makovu katika mapafu. Tafiti za afya kazini nchini India zimethibitisha ugonjwa wa silikosisi miongoni mwa wasuguaji wa akiki, hasa wanaosaga bila maji. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mchanga katika kusafisha vyuma vya kusubu kwa upepo mwaka 1949. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini kazi nyingi za kusugua, iwe mawe au kioo, hufanyika katika vibanda na nyua za nyumba ambako mkaguzi hafiki. Hivyo kinga ya kwanza ni uteuzi wenyewe. Mchanga usitumike. Kazi yote ifanyike katika maji, ili chembe zisipae. Tope linalobaki lifutwe likiwa bichi, kwa kuwa tope likikauka sakafuni hugeuka vumbi litakalovutwa na watoto wa nyumba ile. Tope lisimwagwe katika mfereji au shambani. Liachwe litulie, kisha mashapo yafungwe na kutupwa.

Chupa yenyewe inaweza kuwa hatari pia. Chupa za dawa za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaweza kuwa na mabaki ya zebaki, aseniki au striknini. Chupa yenye ukoko au kimiminika ndani haipaswi kutiwa vijazio kabla ya kuchunguzwa na mtu mwenye ujuzi. Vyombo vya kioo chenye risasi, kama birika za kumiminia divai, hutoa tope lenye sumu hiyo na havifai kusuguliwa nyumbani.

Ulinganisho wa vijazio

Kanuni inayoongoza ulinganisho ni ya ugumu. Katika mizani ya Mohs kioo cha chupa kiko karibu na 5.5. Kijazio kinapaswa kuwa chini ya kioo, na unga uwe juu yake. Kijazio laini hubeba chembe za unga na kuzikandamiza juu ya kioo bila chenyewe kuchimba. Kijazio kigumu huchora mistari yake ambayo unga hauwezi kuifuta.

Mchanga wa mto hupatikana kila mahali Songea, na ni desturi ya kale kutumia mchanga na maji kusugua ndani ya chupa. Kwaruzi iliyomo katika mchanga ina ugumu wa 7, na punje zake hazilingani kwa ukubwa wala umbo. Matokeo yake ni kioo chenye mikwaruzo isiyo na mpango, na vumbi lake ni lile lililokwisha kuelezwa. Mchanga unashindwa katika maana zote tatu za usalama.

Gololi za chuma ni rahisi kupata kwa mafundi wa baiskeli, lakini uzito wake hugonga kioo badala ya kuteleza juu yake, na mgongo mmoja wenye ufa wa zamani unatosha kuivunja chupa. Chuma pia hushika kutu katika maji na kuipaka chupa rangi ya hudhurungi.

Mazao ya mkoa yanatoa mawazo mengine. Pumba za mpunga zina silika nyingi na hukwaruza, lakini ni nyepesi mno kubeba unga kwa nguvu ndani ya maji. Maganda ya korosho, yanayopatikana Tunduru, hayafai hata kidogo: mafuta yaliyomo katika ganda huunguza ngozi. Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa na kukatwa vipande ni suala tofauti. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na vipande vya magunzi hutumika viwandani kung'arisha na kukausha vyuma. Kwa kioo chenye ukungu havikati vya kutosha, na vikilowa hufura na kuoza. Vinafaa mwishoni tu, kukausha na kupangusa chupa iliyokwisha kuoshwa, mradi vimepepetwa vumbi.

Shaba nyekundu inatimiza masharti mengi zaidi. Ugumu wake ni karibu 3, kwa hiyo haiwezi kuchora kioo kizima. Ni nzito, hivyo hukandamiza unga vizuri. Haishiki kutu kama chuma. Nayo hukatika kwa urahisi kutoka katika waya wa umeme uliovuliwa ganda, katika vipande vyenye urefu unaokaribiana na unene wake. Afrika ya kati imeifahamu shaba kwa karne nyingi, na mafundi wa Katanga waliivuta kuwa waya wa bangili kabla ya ukoloni. Sharti ni kwamba vipande visiwe na ncha kali. Vipya huzungushwa kwanza katika chupa isiyo na thamani hadi kingo zake zilainike. Aidha, shaba haipaswi kuachwa katika maji yenye amonia, ambayo huila na kutoa rangi ya buluu.

Kuhusu unga, kabidi ya silikoni, yenye ugumu wa zaidi ya 9, hukata kwa kasi. Ni hii inayosawazisha mshono, kulainisha kingo za herufi na kumaliza mikwaruzo ya kitako. Oksidi ya aluminiamu iliyosagwa laini hufanya kazi polepole zaidi na humpa msuguaji nafasi ya kusimama. Oksidi ya seriamu hutoa mng'ao wa mwisho, lakini haiwezi kuondoa ukungu mzito. Kwa chupa ya kihistoria, njia ya busara ni kuanza na unga laini kabisa na kupanda kwenye unga mkali iwapo tu ule laini umeshindwa. Maelekezo mengi ya ufundi huenda kinyume chake, kwa kuwa lengo lao ni uangavu.

Utaratibu wenyewe ni sehemu ya uteuzi. Shaba ijaze takriban theluthi moja hadi nusu ya chupa, na maji yafunike shaba. Pipa lizunguke polepole, vijazio viporomoke kwa kuteleza. Likizunguka kasi mno, vijazio hunata ukutani na kazi husimama, au huruka na kugonga. Kazi huchukua siku kadhaa, na chupa inapaswa kutolewa na kutazamwa kila siku. Chupa yenye ufa, povu kubwa la hewa lililo karibu na uso, au ukungu unaobanduka kwa magamba isiwekwe kabisa.

Kinachofutika kwanza

Hata kijazio bora hakisugui sawasawa kila mahali. Herufi zilizoinuka za jina la kiwanda zina mwili wa kutosha, na kwa kawaida hubaki zikisomeka baada ya unga laini. Mikwaruzo ya kitako, michubuko ya mdomo na mstari wa udongo havina mwili, kwa sababu vimo katika ngozi ile ile inayoondolewa. Matokeo yake yana mwelekeo. Chupa iliyong'arishwa hubaki ikisema ilitengenezwa wapi na huacha kusema ilitumikaje. Jina la mji wa Ulaya linabaki, na miaka iliyokaa katika nyumba za Ungoni inaondoka.

Hoja hii inahusu uandishi wa historia yenyewe. Historia ya Songea kati ya 1897 na 1916 imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na nyaraka za boma na za misheni. Vitu vya matumizi ya kila siku ni miongoni mwa vyanzo vichache vinavyoweza kuonyesha yale ambayo nyaraka hazikujali kuyaandika: mwanamke aliyehifadhi samli, mganga aliyehifadhi dawa, mtoto aliyetumwa dukani kununua mafuta ya taa. Makumbusho ya Majimaji yaliyopo Mahenge, mjini Songea, yanahifadhi kumbukumbu ya vita na ya mashujaa. Kumbukumbu ya siku zilizofuata vita, za njaa na za kujenga upya, inahitaji vitu vidogo kama hivi, vikiwa na alama zake.

Funzo la yakuti za Songea

Songea imekwisha kupitia suala linalofanana na hili katika biashara ya vito. Katika miaka ya 1990 yakuti zilichimbwa katika eneo la Songea, na baadaye kidogo wachimbaji wakamiminika Tunduru. Yakuti ni oksidi ya aluminiamu iliyojengwa kwa fuwele, yaani asili moja na unga wa kung'arishia uliotajwa hapo juu. Nyingi za yakuti za Songea zilikuwa na rangi hafifu na bei ndogo. Mwaka 2001 soko la dunia lilianza kupokea kutoka Thailand yakuti za rangi ya machungwa na ya waridi kwa wingi usio wa kawaida, na mawe ya Songea yalikuwa miongoni mwa malighafi yake. Mapema mwaka 2002 wafanyabiashara walitahadharishwa, na maabara zikabaini kwamba mawe hayo yalichomwa kwa joto kali pamoja na beriliamu, iliyopenya na kubadilisha rangi.

Kosa halikuwa kuchoma mawe. Yakuti zimechomwa kwa muda mrefu, na mnunuzi anaweza kulikubali jambo hilo akilijua. Kosa lilikuwa kuuza bila kusema. Imani ilipovunjika, bei zilianguka, na jina la Songea likaingia katika vitabu vya elimu ya vito kwa sababu ambayo wachimbaji wake hawakuichagua. Chupa iliyong'arishwa iko katika hali hiyo hiyo. Si ya bandia, lakini si ile iliyotoka ardhini, na mwenye kuionyesha au kuiuza anawajibika kusema hivyo.

Hitimisho

Uchunguzi huu unafikisha kwenye utaratibu wenye hatua tatu. Kwanza, chupa yenye muktadha, yaani inayojulikana ilipotoka, katika tabaka gani au katika nyumba ya nani, isitiwe vijazio vya aina yoyote. Ioshwe kwa maji na brashi laini, na ukungu wake uachwe. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimbua mabaki ya kale, kwa hiyo chupa isitafutwe kwa jembe. Pili, chupa isiyo na muktadha inaweza kung'arishwa kwa shaba na unga laini wa oksidi ya aluminiamu, katika maji na kwa mwendo wa polepole, baada ya kupigwa picha mdomo, mshono, herufi na kitako. Tatu, maelezo ya kilichofanyika, pamoja na aina ya kijazio, unga na idadi ya siku, yaandikwe na kufuatana na chupa popote iendako.

Utaratibu huu hauhitaji maabara. Unahitaji waya wa shaba, maji, kamera ya simu na daftari. Kati ya hivyo vinne, daftari ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi, na ndilo pekee linaloweza kumwambia mtafiti wa baadaye kile ambacho kioo hakitaweza tena kumwambia.